Ngozi Inayong'aa na Ngozi Iliyojipanga: Jinsi Infraredi Inavyosoma Mafuta ya Ngozi

Inapofika mwezi wa saba hapa Arusha, ngozi za watu hupauka. Usiku wa baridi, upepo mkavu wa asubuhi na maji ya moto ya kuogea huipokonya ngozi unyevu wake, na karibu kila nyumba ina dawa moja, ambayo ni mafuta. Wapo wa mafuta ya mgando, wapo wa mafuta ya nazi, wapo wa glisarini, na wapo wanaomimina kiganjani mafuta ya alizeti yale yale ya kukaangia vitunguu. Ubora wa mafuta hayo hupimwa kwa macho: ngozi iking'aa na magaga yakilainika, basi mafuta yamefanya kazi. Kwa maoni yangu macho hupima mng'ao tu, ilhali uwezo wa ngozi wa kuzuia maji yasitoroke mwilini unategemea jambo lisiloonekana, yaani namna mafuta ya asili ya ngozi yenyewe yalivyojipanga. Mpangilio huo unapimika, na njia mojawapo ya kuupima bila kumkata mtu wala kumchoma sindano ni spektroskopia ya infraredi, yaani kusoma jinsi kitu kinavyofyonza mionzi isiyoonekana iliyo nje kidogo ya mwanga mwekundu.

Mimi si daktari wa ngozi. Ni mtu wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni kuchunguza mafuta ya kula kwa mashine ya infraredi: kama alizeti iliyoletwa ni alizeti kweli, kama imeanza kuharibika, kama imechanganywa na mafuta mengine. Nilivutwa na tafiti za ngozi kwa sababu minyororo ya kaboni na haidrojeni ninayoisoma katika tone la alizeti inafanana sana na minyororo iliyomo katika ngozi ya binadamu, na hata sehemu ya spektra, ule mchoro wa mionzi iliyofyonzwa, inayoionyesha ni ile ile. Ila katika tone la mafuta minyororo imejikunjakunja na kutapanyika kwa kuwa ni kimiminika, wakati katika ngozi yenye afya imenyooka na kukaa bega kwa bega. Kwa mtu aliyezoea kutazama mafuta ya chupa, inashangaza kuona mafuta ya mwilini yakiwa na nidhamu ya namna hiyo.

Kinga yenyewe ni nyembamba mno. Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa ambalo wataalamu huliita stratamu korniamu, nami hapa nitaliita tabaka la juu. Ukiacha viganja na nyayo, katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni kati ya maikromita 10 na 20 tu. Mtafiti Peter Elias wa Marekani ndiye aliyeeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfano wa ukuta: seli bapa ni matofali, na mafuta yaliyojaa katikati yao ni saruji. Maji yanayotaka kutoka mwilini hulazimika kupenya kwenye saruji hiyo, kwa hiyo ubora wa ukuta wote huamuliwa nayo zaidi kuliko matofali.

Saruji hiyo imeundwa kwa makundi makuu matatu ya lipidi, yaani mafuta ya asili ya mwili: seramidi, kolesteroli na asidi huru za mafuta, ambazo kwa idadi ya molekuli zinakaribia kuwa sawa kwa sawa. Utando wa seli hai mahali pengine mwilini hutumia zaidi minyororo ya kaboni 16 au 18, mingi ikiwa na kona zinazoifanya iwe laini. Tabaka la juu la ngozi limechagua njia nyingine. Minyororo yake ni mirefu, mingi ikiwa na kaboni 22 hadi 26, na karibu yote imeshiba haidrojeni, jambo linaloiwezesha kunyooka na kubanana. Kisha minyororo hiyo hujipanga katika matabaka membamba yanayojirudia juu ya mengine. Vipimo vya eksirei vimeonyesha kuwa marudio mamoja huwa ya nanomita 13 hivi na mengine ya nanomita 6 hivi. Eksirei ndiyo hodari wa kupima umbali huo wa tabaka hadi tabaka. Infraredi huuliza swali jingine: ndani ya tabaka moja, mnyororo mmoja umesimamaje, na jirani yake yuko karibu kiasi gani?

Mionzi ya infraredi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800, alipoona kipimajoto kikipanda kikiwekwa nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliopitishwa kwenye prizimu. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Coblentz wa Marekani alipima spektra za infraredi za kemikali nyingi, moja baada ya nyingine, na kuonyesha kwamba makundi fulani ya atomi hufyonza mionzi mahali pale pale kila mara. Sababu ni kwamba bondi za kemikali hutetema, na kila aina ya bondi hutetema kwa kasi yake. Mionzi yenye kasi inayolingana na mtetemo hufyonzwa, mingine hupita. Wanasayansi huandika mahali hapo kwa namba ya mawimbi katika kila sentimita, na eneo linalotumika zaidi ni kati ya 4000 na 400. Mashine za sasa hazipimi namba moja moja. Hutuma mionzi yote kwa pamoja kupitia interferomita, kifaa kinachoigawa mionzi na kuikutanisha tena, kisha kompyuta hutenganisha kila namba kwa hesabu ya Fourier. Hiyo inatosha kuhusu mashine kwa sasa.

Tuje kwenye namba zenyewe. Minyororo ya lipidi imejaa makundi ya kaboni moja na haidrojeni mbili. Haidrojeni hizo mbili zikivutwa na kurudi kwa pamoja, alama hutokea karibu na 2850. Zikienda kwa kupishana, hutokea karibu na 2920. Ukiona meno hayo mawili makali yamesimama pamoja, unajua una mafuta mbele yako. Lakini kilele cha 2850 hakisimami mahali pamoja daima. Mnyororo ukiwa umenyooka kabisa na kubanwa na wenzake, kilele huwa karibu na 2848 au 2849. Mnyororo ukipata nafasi ya kujipinda hapa na pale, kilele hupanda hadi 2852, 2853 au zaidi. Mabadiliko yote, kutoka nidhamu hadi vurugu, ni kama namba nne tu katika 2850, ambayo ni takriban sehemu moja na nusu katika elfu.

Msomaji makini atauliza inawezekanaje kuamini tofauti ndogo hivyo, hasa kwa kuwa mashine nyingi huendeshwa kwa uwezo wa kutenganisha namba nne nne. Jibu ni kwamba kutenganisha vilele viwili vilivyo karibu ni kazi moja, na kupata kitovu cha kilele kimoja ni kazi nyingine. Kilele kizuri kisicho na kelele kina umbo linalojulikana, na kitovu chake kinaweza kukadiriwa kwa hesabu hadi sehemu ndogo ya namba moja. Sharti ni kutobadilisha chochote kati ya kipimo na kipimo. Nimeona spektra zilizopigwa kwa haraka, zenye ngazi za mvuke wa maji kila upande, zikitumiwa kudai mabadiliko ya nusu namba, nami siziamini hata kidogo.

Kwamba namba hizo zina maana kwa mwili, hilo lilithibitishwa zamani kidogo. Mwaka 1990 Russell Potts na Michael Francoeur walitumia tabaka la juu la ngozi ya nguruwe, ambayo inafanana kwa mengi na yetu, wakalinganisha upenyaji wa maji na nafasi ya kilele hicho joto lilipobadilishwa. Minyororo ilivyozidi kujipinda ndivyo maji yalivyozidi kupita. Tangu hapo kilele cha 2850 si pambo la kemia tena; ni dirisha la kuonea ukuta unavyovuja.

Nidhamu ya mnyororo mmoja bado si habari nzima. Minyororo iliyonyooka inaweza kubanana kwa namna mbili. Katika mpangilio wa othorombiki hukaa karibu karibu kiasi kwamba kila mmoja hauwezi kuzunguka; katika mpangilio wa pembesita hubaki imesimama, lakini kila mmoja una nafasi ya kujizungusha kidogo. Kwa kilele cha 2850 namna hizi mbili hazitofautiani sana. Ili kuzitenganisha lazima ushuke hadi eneo la 1460 hadi 1475, ambako haidrojeni mbili za kaboni moja husogeleana na kuachana kama vile mkasi unavyofunga na kufungua. Pembesita hutoa kilele kimoja karibu na 1468. Othorombiki hutoa viwili, kimoja karibu na 1463 na kingine karibu na 1473, kwa sababu minyororo jirani iko karibu mno kiasi kwamba mtetemo wa mmoja huitikiwa na mwingine. Mgawanyiko wa namna hiyo hiyo huonekana tena chini kabisa, karibu na 720 na 730. Ukipasha moto kipande cha tabaka la juu la ngozi ya binadamu polepole, vilele viwili huungana na kuwa kimoja kati ya nyuzi joto 30 na 40 hivi, wakati kilele cha 2850 hakijafanya kitu cha maana. Hicho huja kuruka baadaye sana, kwenye nyuzi 60 hadi 80, minyororo inapoyeyuka. Ngozi yetu, ambayo juu yake huwa na nyuzi 30 na kitu, inaishi basi ukingoni kabisa mwa badiliko la kwanza, jambo ambalo kila nikilifikiria naona limepita bahati nasibu.

Ipo mbinu moja inayonifurahisha kuliko zote. Haidrojeni ina ndugu mzito aitwaye deuteri, mwenye tabia zile zile za kemia ila uzito maradufu. Ukitengeneza asidi ya mafuta ambayo haidrojeni zake zote zimebadilishwa kuwa deuteri, mtetemo wake hupungua kasi na alama zake huhamia karibu na 2090 na 2195, mahali ambapo ngozi ya kawaida haina alama ya maana. Sasa unaweza kuchanganya seramidi za kawaida na asidi za mafuta nzito, ukasoma kila kundi peke yake katika spektra moja. Uzuri unaongezeka kwenye ule mgawanyiko wa othorombiki: mnyororo mwepesi na mzito haviitikiani. Kwa hiyo asidi na seramidi zikijitenga kila moja na eneo lake, mgawanyiko hubaki wazi. Zikikaa pamoja katika mpangilio mmoja, mgawanyiko hupungua au kutoweka. Maabara ya Joke Bouwstra huko Leiden, Uholanzi, na watafiti kama Richard Mendelsohn wa Marekani, wameitumia sana mbinu hii kujua nani anakaa na nani ndani ya saruji ya ngozi. Ni gharama, na haifanyiki juu ya mkono wa mtu, lakini bila hiyo tungebaki tunakisia.

Juu ya mkono wa mtu hutumika mwakisiko kamili wa ndani, njia iliyoendelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mionzi hupelekwa ndani ya fuwele, kwa kawaida almasi au elementi iitwayo jerimani, na kurudishwa na uso wa fuwele hiyo bila kutoka. Lakini kwenye uso ule sehemu ndogo ya nguvu yake huchungulia nje, kina cha maikromita moja hadi mbili kwa almasi na pungufu ya hapo kwa jerimani. Chochote kilichogusana na fuwele kitaacha alama. Ngozi ni rahisi kuigusisha, kwa hiyo jioni moja kazi ya siku ilipokwisha nilifanya hivyo kwa kigasha changu mwenyewe.

Nilisukuma kando mkono wa chuma wa kubania sampuli, nikafuta almasi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti, nikapiga spektra ya hewa tupu ili mashine ijue kisicho ngozi, kisha nikalaza upande wa ndani wa kigasha juu ya kile kijiwe ambacho hakizidi punje ya mtama. Kilikuwa cha baridi. Kwenye kioo kikatokea kilima kipana kinachozunguka 3300, ambacho ni maji na protini, vilele viwili vya protini karibu na 1650 na 1550, na katikati ya hayo yote yale meno mawili ninayoyajua kazini, madogo kuliko ya chupa ya mafuta lakini yamekaa chini zaidi kwa namba. Nilipoacha mkono bila kuuinua, kilima cha maji kikaendelea kukua, kwa sababu unyevu unaotoka ngozini kila wakati bila sisi kuhisi ulikuwa umezibiwa njia. Baadaye niliinama na kugusisha paji la uso, jambo ambalo silipendekezi mbele ya wafanyakazi wenzako. Meno yalirefuka, yakapanda namba, na kilele kipya kikasimama karibu na 1740. Hicho ni cha esta, yaani asidi ya mafuta iliyofungwa kwenye alkoholi, na kwenye paji la uso esta hizo hutoka kwenye sebamu, mafuta laini ya vinyweleo. Ndiyo maana watafiti hupenda kigasha: vinyweleo vya mafuta ni vichache, na unachosoma kinakaribia kuwa saruji yenyewe.

Kwa wanaotaka kwenda chini zaidi ya maikromita moja, dawa ni selotepu. Inabandikwa, inavutwa, inaondoka na safu ya seli, kisha fuwele inarudishwa mahali pale pale. Ukirudia hivyo unapata picha ya mpangilio kwa kina, na mara nyingi safu za nje kabisa huonekana na vurugu zaidi kuliko zinazofuata, sehemu ya sababu ikiwa ni sebamu iliyojipenyeza juu.

Hapo sasa ndipo mafuta ya kupaka yanapoleta mtego. Mafuta yoyote unayojipaka yana makundi yale yale ya kaboni na haidrojeni, kwa hiyo mtu aliyejipaka asubuhi akipimwa mchana, kilele cha 2850 kitakuwa mchanganyiko wa ngozi yake na kopo lake. Mafuta ya nazi na ya alizeti hujisaliti kwa sababu ni esta na huonyesha kilele karibu na 1745. Alizeti huongeza na kialama karibu na 3009 kinachotokana na zile kona za minyororo isiyoshiba, ambazo nazi inazo chache sana. Mafuta ya mgando hayana esta. Ni haidrokaboni tupu, na hujificha ndani ya meno yale yale unayotaka kuyasoma. Kwa hiyo nikiona ripoti inayosema ngozi iliyopakwa mafuta ya mgando ina lipidi nyingi zaidi, swali langu la kwanza ni kama mpimaji alikuwa anapima ngozi au kopo. Kwa haki ya mafuta ya mgando, niongeze kwamba kikundi cha Elias kilionyesha mwaka 1992 kuwa hayabaki juu tu kama wengi wanavyodhani. Huingia kati ya seli za tabaka la juu, na ngozi iliyoharibiwa huendelea kujitengeneza chini yake.

Asidi ya oleiki ina kisa tofauti. Ndiyo nyingi katika mafuta ya zeituni na ya parachichi, ina kona moja katikati ya mnyororo wake wa kaboni 18, na watengenezaji wa dawa za kupaka wameitumia kwa kuwa husaidia dawa kupenya ngozi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ajiulize. Mwaka 1991 kikundi hicho hicho cha Potts na Francoeur kilitumia oleiki yenye deuteri kwenye tabaka la juu la ngozi ya nguruwe, kikasoma alama zake mbali na za ngozi. Walikuta kwamba katika joto la kawaida la mwili oleiki ilikuwa kimiminika wakati lipidi za ngozi zilizoizunguka zikiendelea kujipanga. Yaani ilikuwa imejitenga katika vidimbwi ndani ya saruji. Kwa infraredi ya kawaida, bila deuteri, wangeona wastani tu wa vitu hivyo viwili, na wangeweza kuandika kwamba saruji yote imelegea.

Shangazi yangu anaishi Kibosho, na nilipokwenda kumwona mjukuu wake mchanga nilimkuta akimsinga kwa mafuta kuanzia utosini hadi vidoleni. Baada ya shikamoo na marahaba nilianza kueleza haya, kwa uangalifu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ninyi nyote nimewasinga kwa mikono hii hii, na hakuna hata mmoja aliyechunika." Sikuwa na la kujibu wakati ule, na sidhani nilipaswa kujibu, lakini utafiti upo. Huko Manchester, Uingereza, watoto wachanga 115 wenye afya waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: mafuta ya zeituni, mafuta ya alizeti, au bila mafuta, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Fuwele ya infraredi iliwekwa juu ya ngozi zao. Watoto waliopakwa mafuta walikuwa na unyevu zaidi ngozini. Hata hivyo mpangilio wa lipidi, ambao kwa kawaida huendelea kuimarika baada ya kuzaliwa, uliimarika kwa kiasi pungufu katika makundi yote mawili ya mafuta kuliko kwa wale ambao hawakupakwa. Kiasi cha maji yanayotoroka kupitia ngozi hakikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika.

Naomba msomaji asome sentensi hizo mbili za mwisho pamoja. Infraredi iliona mpangilio umechelewa. Kipimo cha maji kutoroka hakikuona madhara. Wako wanaochukua nusu ya kwanza na kupiga marufuku mafuta yote kwa watoto, na wako wanaochukua nusu ya pili na kusema hakuna jambo. Mimi nachukua kwamba mpangilio ni kipimo chepesi kuhisi, kinachoweza kuona badiliko kabla halijawa tatizo, na kwamba mtoto mwenye ngozi nzima hana haja kubwa ya mafuta ya jikoni. Watoto njiti ni habari nyingine kabisa. Ngozi yao haijakomaa, na huko Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba njiti waliopakwa mafuta ya alizeti wodini walipata maambukizi machache zaidi. Hilo ni la madaktari wa watoto kuamua, na halitolewi jibu na mashine yangu.

Ambako infraredi imeleta mwanga zaidi, kwa maoni yangu, ni katika pumu ya ngozi. Zamani ilielezwa zaidi kama hasira ya kinga ya mwili, na hasira hiyo ipo kweli. Lakini kikundi cha Leiden kilionyesha mwaka 2012 kwamba wagonjwa wana seramidi nyingi zaidi zenye minyororo mifupi, na kadiri zilivyozidi ndivyo mpangilio wao ulivyoegemea pembesita badala ya othorombiki, na ndivyo kinga ya ngozi ilivyopungua. Ukumbuke vile vilele viwili vya 1463 na 1473: hapo vinakuwa alama ya ugonjwa. Mnyororo mfupi ukisimama kati ya mirefu huacha pengo, majirani hulegea, maji hutoka, na vitu vya kuwasha huingia. Moshi kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, jirani na hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ambacho pia hutengeneza losheni ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Nikitafuta mahali ambapo maswali ya infraredi yangepata wagonjwa na wataalamu kwa pamoja, sioni haja ya kuvuka hata Mto Pangani.

Liko jambo la rangi ambalo halisemwi vya kutosha. Tafiti nyingi ninazozijua zimefanyika Ulaya na Marekani, juu ya ngozi nyeupe kwa sehemu kubwa. Vifaa vinavyotumia mwanga unaoonekana au ulio karibu nao vimewahi kupotoka kwenye ngozi nyeusi; kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ni mfano uliozungumzwa sana wakati wa korona. Kilele cha 2850 hakisomi rangi. Melanini hufyonza zaidi mwanga unaoonekana na wa urujuanimno, na nafasi ya mtetemo wa kaboni na haidrojeni haitegemei kiasi chake. Kwa hiyo hii ni njia ambayo mkono wa Mmeru na mkono wa Mholanzi vinaweza kulinganishwa kwa haki, mradi tu mikono yote miwili ipimwe.

Ujuzi wenyewe haupo mbali. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakitumia infraredi hiyo hiyo kusoma mbu aliyekaushwa, ili kutambua umri na aina yake kwa kutazama ganda lake la nje, na wameitumia pia kutafuta malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Anayeweza kusoma nta ya mbu na kaitini, kitu kigumu cha ganda lake, hashindwi na kigasha. Kinachotesa ni mambo madogo ya kila siku. Kigawa mionzi kilichomo ndani ya mashine nyingi hutengenezwa kwa potasiamu bromidi, chumvi inayonyonya unyevu, na masika ikikolea huanza kuwa na ukungu kama hukubadilisha silika, zile chembe za kunyonya unyevu, kwa wakati. Sisi huacha mashine ikiwaka usiku kucha ili ibaki na joto, na umeme ukikatika tunaanza upya asubuhi.

Nikiulizwa na kijana wa Tengeru au wa Moshi anayetafuta mada ya utafiti, ningempa hii: vigasha vya watu wazima, alizeti upande mmoja na mkono wa pili uachwe hivyo hivyo, kwa wiki kadhaa, kisha siku mbili bila kupaka chochote kabla ya kila kipimo, na kilele cha 1745 kikaguliwe kwanza ili kuhakikisha mafuta yamekwisha. Asiogope idadi ndogo ya watu kwa kuanzia, kwa sababu kila mtu anajilinganisha na mkono wake wa pili. Aandike pia joto la ngozi kila anapogusisha fuwele. Mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye bodaboda ana kigasha cha nyuzi kadhaa chini ya yule aliyekaa saa nzima kwenye benchi la kusubiria, na badiliko la othorombiki kwenda pembesita huanzia karibu na joto hilo hilo la ngozi. Bila kipimajoto pembeni, upepo wa barabarani utaandikwa kwenye ripoti kama kazi ya mafuta.